Leza na Bahasha: Namna Mbili za Russell Targ za Kuona kwa Mbali

(Mazungumzo ya jioni na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita pamoja na wazazi wao. Nimeyaandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, na pale ukumbi ulipoingilia nimeacha kama ilivyokuwa.)

Wazazi wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, vijana wangu, habari za jioni.

Kabla sijasema neno la maana, kila mmoja achukue kile kipande cha karatasi kilichowekwa kwenye kiti chake. Hapa mkononi nina bahasha, na ndani ya bahasha mna picha ya kitu. Tulieni kidogo, fumbeni macho, kisha chora chochote kinachokujia. Mchoro wa mtoto wa chekechea unatosha. Ukimaliza, kunja, weka mfukoni. Tutarudi huko.

Sasa tuanze. Tarehe 2 Agosti 1985, jioni, ndege ya Delta namba 191 ilikuwa inashuka kwenye uwanja wa Dallas/Fort Worth, kule Texas. Mbele yake kulikuwa na mvua ya kiangazi, ya aina ambayo marubani walizoea kuipita. Ndani ya mvua ile kulikuwa na kitu ambacho macho hayakioni. Ndege iligusa ardhi kabla ya kufika uwanjani, ikagonga gari barabarani, ikaishia kwenye matangi ya maji. Watu 137 walikufa.

Kitu chenyewe ni hewa tu. Chukua ndoo ya maji uimwage sakafuni: maji yakifika chini yanatawanyika pande zote. Hewa ya baridi iliyo ndani ya dhoruba hufanya vivyo hivyo; inaporomoka kwa ghafla, ikifika chini inatawanyika. Ndege inayoingia humo inapokewa kwanza na upepo wa mbele. Mabawa yanapata nguvu, ndege inanyanyuka, rubani anapunguza mwendo wa injini ili arudi kwenye mstari wake. Sekunde chache baadaye yuko katikati, hewa inamkandamiza. Akitokea upande wa pili, upepo umegeuka, sasa unamsukuma kutoka nyuma, maana yake hewa inayopita kwenye mabawa imepungua, na ardhi iko palepale chini yake. Aliyeugundua mporomoko huu ni Ted Fujita, mwanasayansi wa Kijapani aliyekuwa Chuo Kikuu cha Chicago. Wakati anausema mara ya kwanza, wengine wa fani yake walimwona anatunga.

Baada ya Dallas, NASA na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani waliamua kwamba rubani lazima aonywe kabla hajaingia. Vyombo kadhaa vilishindanishwa, na kimojawapo kilikuwa leza iliyofungwa ndani ya ndege, inayomulika mbele na kusoma mwendo wa upepo kilomita kadhaa kabla ndege haijafika. Kwenye kampuni ya Lockheed, mmoja wa wanafizikia waliobeba kazi hiyo alikuwa Russell Targ.

Jina hilo wengi hamlijui kwa sababu ya leza. Wanaolijua, wanalijua kwa jambo lingine kabisa: zaidi ya miaka kumi kabla ya ajali ile, Targ alikuwa analipwa na CIA kuchunguza kama binadamu, akiwa amekaa kitini ndani ya chumba kilichofungwa, anaweza kuona kitu kilichoko maili nyingi bila kutumia hata mmoja wa milango mitano ya fahamu.

Ni mtu mmoja. Ndiyo maana nikamchagua. Ningetaka kuwachekesha ningechukua tapeli wa sokoni, na tungekuwa tumemaliza saa hizi.

Nimweleze kidogo. Alizaliwa Chicago mwaka 1934. Macho yake yalikuwa mabovu tangu utotoni, kiasi cha kuhesabiwa kisheria kuwa kipofu, na bado aliendesha pikipiki. (Mama mmoja hapa alisema "Mungu wangu!" Nami nilisema hivyohivyo.) Alipokuwa kijana akifanya mazingaombwe jukwaani, yaani kiini macho cha kawaida, alianza kuhisi kwamba mara nyingine anajua kilichomo akilini mwa mtazamaji hata pale hila yake isipomfikisha. Kishawishi ni kusema: ahaa, mtu asiyeona vizuri ndiye aliyekesha akitafuta kuona. Inapendeza, lakini nikiisema nitakuwa nimeanza kupiga ramli mimi mwenyewe, na jioni haijafika nusu.

Kwenye fizikia hakuwa wa kubabaisha. Mwaka 1964, akiwa kampuni ya Sylvania, yeye na Stephen Harris walichapisha kazi juu ya leza ambayo mwanga wake unageuzwageuzwa mitetemo kwa utaratibu, kama redio ya FM. Leza yenyewe ilikuwa na umri wa miaka minne tu duniani. Na kwa wapenzi wa chesi waliopo hapa: mkewe, Joan, alikuwa dada yake Bobby Fischer, yule aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1972.

Mwaka huohuo wa 1972 Targ alihamia taasisi ya utafiti ya SRI, Menlo Park, California, akaungana na mwanafizikia mwingine wa leza, Harold Puthoff. CIA wakaanza na kama dola 50,000. Usiniulize kwa nini majasusi watoe pesa kwa jambo hili. Jibu ni Warusi. Zilisikika habari kwamba Wasovieti wanalitafiti, na katika vita baridi hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kujua.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Mhusika anaketi SRI pamoja na mtu wa kumhoji. Wenzao wanapewa bahasha iliyofungwa, iliyochaguliwa bila mpango kutoka kwenye kasha la chuma. Ndani yake mna jina la mahali panapofikika kwa gari ndani ya nusu saa. Inaweza kuwa daraja, kanisa, gati la mashua. Wanakwenda, wanasimama pale. Saa iliyopangwa ikifika, yule aliyebaki anaeleza anachokiona akilini, anachora, maneno yanarekodiwa. Baadaye anapelekwa mahali pale ajionee. Waliliita jambo hili kuona kwa mbali. Aliyesifika kuliko wote mwanzoni alikuwa Pat Price, aliyewahi kuwa ofisa wa polisi.

Simameni hapo. Toeni karatasi zenu.

(Nikafungua bahasha. Picha ilikuwa ya baiskeli. Nikauliza nani amepata. Mikono ikainuka, mingi. Mzee wa mstari wa mbele alikuwa amechora duara mbili: "Magurudumu!" Binti wa kidato cha sita alikuwa na pembetatu: hiyo ni fremu. Bibi mmoja alikuwa na mistari ya mawimbi, jirani yake akamtetea kwamba ni barabara yenye makorongo. Makofi. Ndipo nikaomba radhi: nilikuwa nimefungua bahasha siyo. Ile halisi ilikuwa mfuko wa pili, na ndani yake palikuwa na picha ya jahazi. Kimya kidogo. Kisha binti akasema, pembetatu ni tanga. Bibi akasema, si niliwaambia ni bahari. Mzee wa duara mbili akafikiri, akasema, "Mapipa. Mapipa ya maji, sitahani.")

Asanteni sana, na mzee nisamehe. Hakuna aliyedanganya hapa isipokuwa mimi. Kila mmoja alitazama mchoro wake kwa nia njema, akaona kilichofanana, kisichofanana akakipita. Ukipenda chongo huita kengeza. Kwa hiyo mwenye mchoro hawezi kuwa mwamuzi, na aliyekwenda kwenye eneo naye hafai. Anatakiwa mtu wa tatu, asiyejua lolote, apewe maelezo tisa yaliyochanganywa na maeneo tisa, aambiwe: panga, kila maelezo na mahali pake.

Hili Targ na Puthoff walilijua vizuri kabla yetu, na walilifanya. Nataka mlisikie hili, maana watu wanapenda kuwasimulia kana kwamba walikuwa wajinga wawili. Mwamuzi alitembelea maeneo, akasoma maelezo ya Price, akapanga. Kwa kubahatisha, kwa wastani mtu hupatia moja kati ya tisa. Mwamuzi alipatia saba.

Saba! Ningekuwa mimi nisingelala. Oktoba 1974 kazi yao ikatoka kwenye jarida la Nature, ikiwa pia na majaribio ya michoro waliyofanya na Uri Geller, yule Mwisraeli wa kupinda vijiko. Wahariri hawakuichapisha hivihivi. Waliweka tahariri mbele yake wakieleza kwamba wapitiaji waliona mpango wa majaribio ni dhaifu na maelezo yake hayatoshi, ila wameona ni afadhali wanasayansi waisome na kuipima wenyewe. Machi 1976 wakachapisha taarifa ndefu zaidi kwenye jarida kubwa la wahandisi wa umeme.

Huko New Zealand, Chuo Kikuu cha Otago, wanasaikolojia wawili, David Marks na Richard Kammann, wakasoma, wakajaribu kurudia kitu kilekile. Walifanya mfululizo mzima wa majaribio. Wahusika wao walifurahi, kila aliyepelekwa eneoni alisema "ndiyo, hiki ndicho nilichokiona", kama ninyi na jahazi lenu. Lakini waamuzi wakipewa maelezo wayapange, wanapata kama wa kubahatisha. Basi ile saba ilitoka wapi?

Marks alifanikiwa kupata baadhi ya maandishi ya Price, yale yenyewe aliyopewa mwamuzi, na humo ndani mlikuwa na vineno. Mhoji anamtia moyo Price kwa kumkumbusha maeneo mawili ya jana. Kwingine inatajwa kwamba hili ni eneo la ngapi. Kumbukeni, mhusika alikuwa anapelekwa kuona mahali baada ya kila jaribio. Ilikuwa lazima jana iingie kwenye mazungumzo ya leo. Ukijumlisha na kwamba orodha ya maeneo aliyopewa mwamuzi ilifuata mpangilio uleule wa siku, huhitaji kuona kwa mbali. Unahitaji kalenda. Marks aliweza kupanga maandishi aliyokuwa nayo kwa kufuata vidokezo hivyo tu, bila hata kukanyaga maeneo yenyewe.

Nature ikachapisha hoja yao mwaka 1978. Mwaka 1980 Charles Tart, mwanasaikolojia aliyekuwa upande wa Targ, akajibu kwamba vineno vile vimefutwa, mwamuzi mpya amepewa, na matokeo bado ni mazuri. Marks na mwenzake Christopher Scott wakarudi mwaka 1986: vidokezo vingine vilibaki. Mimi naona Otago walishinda, lakini si kwa sababu ambayo vijana wengi wangeitoa. Hawakushinda kwa kusema "haiwezekani". Walishinda kwa kusoma kila ukurasa, hadi salamu.

Wapo wanaoniambia, mwalimu, wewe unashika makosa, husemi yaliyopatiwa. Haya, tuyaseme.

Mwaka 1974 Price alipewa nyuzi za ramani, yaani latitudo na longitudo, za mahali fulani karibu na Semipalatinsk, Kazakhstan, kituo cha siri cha Wasovieti. Alichora winchi kubwa mno inayotembea kwenye reli. Na kweli pale palikuwa na winchi kubwa. Mchoro ule mpaka leo unakutazama ukashangaa. Lakini alisema na mengine mengi kuhusu kituo kile, na wachambuzi waliolinganisha na picha za setilaiti waliona sehemu kubwa ya hayo si kweli. Anayesimulia huonyesha winchi.

Au lile bwawa la kuogelea la Palo Alto. Price alieleza mabwawa mawili, la duara na la mstatili, na vipimo vilivyokaribia kabisa. Kisha akasema hicho ni kiwanda cha kusafisha maji, akaongeza matangi na mitambo isiyokuwepo. Kosa, siyo? Miaka mingi baadaye Targ akaeleza kwamba amegundua zamani, mwanzoni mwa karne ya ishirini, mahali pale palikuwa na mtambo wa maji wa mji. Basi Price aliona nyuma kwenye wakati. Nilipokutana na maelezo hayo mara ya kwanza nilikumbuka mzee wangu wa duara mbili. Kipimo kinachokubali wakati wowote, uliopita na ujao, hakina pa kukukatalia.

Kuna kisa kimoja cha huku kwetu, karibu kabisa. Mwaka 1995 Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, aliwasimulia wanafunzi kwamba enzi zake ndege ilianguka Zaire, setilaiti zikashindwa kuiona, ndipo mwanamke mmoja akaingia katika hali ya kuzimia fahamu akataja nyuzi za ramani. Kamera zikaelekezwa pale, ndege ikaonekana. Misitu ya Kongo mnaijua kwa kuisikia au kwa kuikanyaga. Carter hakuwa mtu wa kutunga hadithi, nami simwiti mwongo. Ninachotaka kujua ni nyuzi nyingine ngapi zilitajwa wiki ile, na wangapi walizitaja. Mpiga ramli akimpata mbuzi wa kijiji kizima tunampigia vigelegele. Vijiji alikokosa havisafiri kuja kutusimulia.

Mwaka 1982, Targ akiwa ameondoka SRI, yeye na wenziwe wakaamua kuupima uwezo huu mahali ambapo hakuna huruma: soko la madini ya fedha. Hila yao ilikuwa nzuri kweli. Mtu hawezi kuona namba za bei, walisema, anaona maumbo. Basi kila hali ya soko la wiki ijayo, kupanda sana, kupanda kidogo, kushuka kidogo, kushuka sana, ikapewa kitu chake, tuseme kikombe, ua, kiatu, ufunguo. Mtabiri anaeleza kitu atakachokabidhiwa wiki ijayo. Akieleza ua, wananunua au wanauza kulingana na hali ya ua. Soko likifunga, anapewa kitu kilichoangukia. Walitabiri mara tisa, wakapatia tisa, na faida ilisemwa kuwa dola 120,000 hivi. Magazeti yakaandika. Mwaka uliofuata wakarudia. Haikufanya kazi.

(Mzazi mmoja: "Na wangeacha pale pale na hela zao!" Kweli kabisa, mama.)

Mpango wa serikali uliendelea bila Targ, ukahamia jeshini, Fort Meade, ukabadilishwa majina kila baada ya miaka michache, la mwisho likiwa Stargate. Mwaka 1995 CIA waliomba tathmini. Watu wawili walipewa majalada yaleyale. Jessica Utts, mtakwimu wa kuheshimika, ambaye baadaye mwaka 2016 alikuwa rais wa chama cha watakwimu cha Marekani, alisema namba zinaonyesha kuna kitu. Ray Hyman, mwanasaikolojia, alisema namba zinazidi bahati, sawa, lakini kuzidi bahati si sawa na kujua sababu, na makosa ya utaratibu hayajafungwa yote. Walikubaliana juu ya mengi kuliko watu wanavyodhani. Waliowaajiri waliangalia swali la tatu, rahisi zaidi: katika miaka ishirini na kitu na dola kama milioni 20, kuna taarifa hata moja iliyoongoza operesheni ya ujasusi? Hakuna. Mpango ukafungwa.

Sasa rudini nami kwenye ndege.

Leza ya Lockheed ilitumia gesi ya kaboni dayoksaidi, na mwanga wake jicho haliuoni. Urefu wa wimbi lake ni maikromita 10.6. Unaumulika mbele. Hewa haina cha kuushika, lakini imebeba vumbi laini lisiloonekana, na kila chembe inarudisha ulio mdogo sana. Chembe zinakwenda na upepo. Zikija kwako, mwanga unarudi umebanwa kidogo. Zikienda mbali, unarudi umevutika. Mnaijua hii kwa masikio: honi ya basi la mkoani linalokuja ni nyembamba, likikupita inakuwa nzito.

Ila kwa basi, tofauti unaisikia. Kwa mwanga, upepo wa mita moja kwa sekunde unabadilisha mitetemo kwa sehemu moja kati ya milioni 150. Hesabu hii mwaiweza: mwendo wa mwanga gawa kwa mara mbili ya mwendo wa upepo. Fanyeni nyumbani. Unakamataje badiliko dogo hivyo? Kwa njia ya mpiga gitaa. Nyuzi mbili zikikaribia kulingana lakini zisilingane, unasikia sauti inapanda na kushuka, wau, wau, wau, na kadiri zinavyotofautiana ndivyo inavyoharakisha. Basi wanachukua mwanga uliorudi, wanauchanganya na kipande cha leza ileile kilichobaki nyumbani, na huo mwanga wa pamoja unapigapiga kwenye kipokezi mara 189,000 hivi kwa sekunde, kwa kila mita ya upepo. Hiyo ni namba ambayo redio ya kawaida ya mawimbi marefu inaishika bila jasho.

Hapa nikitazama nyuso zenu naona kidato cha tano wamenielewa na wazazi wananivumilia. Namaliza.

Majira ya joto ya mwaka 1992 chombo kilifungwa kwenye Boeing 737 ya NASA, wakaenda kutafuta dhoruba kwa makusudi, Orlando penye mvua nzito na Denver penye ukavu. Fikirini kazi ya rubani yule. Leza inasoma upepo kilomita mbili, tatu, nne mbele. Namba inaandikwa. Na ndege haigeuki. Inaendelea, sekunde ishirini na tano, arobaini, hamsini, halafu inaingia ndani ya hewa ileile, na vyombo vyake vingine, visivyojua leza ilisema nini, vinapima upepo palepale. Namba mbili zinawekwa pamoja.

Hiyo ndiyo sababu nimewaita leo. Kule Menlo Park nako walifika mahali walipotabiri. Mhusika aliingizwa kwenye gari akapelekwa bwawani. Lakini aliyefika ni yuleyule aliyesema, akiwa na hamu ya kuwa amesema kweli, na kufika kwake kukaacha nyayo kwenye maandishi ya kesho. Angani, aliyefika hana hamu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mabawa ya 737 hayawambi ngoma. Na mtu aliyepanga vyote viwili ni mmoja, akili ni ileile, uaminifu ni uleule. Nimeishi na jambo hili muda mrefu na bado linanitisha kidogo, kwa kuwa nami nasahihisha mitihani ya wanafunzi ninaowapenda.

Leza ilisoma vizuri, hasa kwenye hewa kavu. Kwenye mvua nzito ilipungua nguvu, kwa sababu maji humeza mwanga wa aina ile. Rada ni kinyume, inahitaji matone ili ione. Mashirika ya ndege yalichagua rada. Tayari walikuwa nayo puani mwa ndege kwa ajili ya hali ya hewa, ikabaki kuifundisha kazi mpya. Zikaanza kufungwa kwenye ndege za abiria katikati ya miaka ya 1990. Ukisafiri kesho, kinachokulinda huenda si leza ya Targ, na haikushindwa kwa kuwa ya uongo. Ilishindwa sokoni, jambo ambalo pia hutokea. Upimaji wa upepo kwa leza wenyewe haukufa: mwaka 2018 Wazungu walirusha setilaiti ya Aeolus, iliyofanya kazi hiyohiyo kutoka angani hadi 2023, pamoja na juu ya Bahari ya Hindi, ambako vituo vya kupima upepo ni vichache.

Nilisema namaliza. Maswali?

(Maswali yalikuwa mengi na mengi yalihusu mikopo ya chuo kikuu. Naandika moja tu. Mama mmoja wa nyuma alisimama akauliza: "Mwalimu, wewe mwenyewe hujawahi kuota jambo likatokea?")

Nimewahi, mama. Nilimwota bibi yangu amesimama mlangoni na kanga ambayo alikuwa hajaivaa miaka mingi, na asubuhi simu ikapigwa. Sikumwambia mtu siku ile kwamba ni sadfa, na leo sitakuambia wewe. Nilichofanya ni kununua daftari. Ukurasa wa kushoto naandika ndoto, alfajiri, kabla sijanawa uso. Wa kulia nauacha, niandike iwapo kuna lililotokea. Limefika katikati sasa. Kushoto kumejaa mbuzi, mitihani, na mara moja meli yenye magurudumu. Kulia bado ni kweupe, isipokuwa mahali pamoja nilipoandika kwa penseli, nikafuta, nikaandika tena.